Maji ya Ndiva na Ugomvi wa Zamu: Jinsi Migogoro Inavyozuka Katika Vikundi vya Kazi

Mji wa Same umekaa chini ya Milima ya Pare, upande ambao mvua huufikia ikiwa imekwisha nguvu. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima, hupoa, na kuacha maji yake mengi huko juu, kwenye misitu inayozunguka kilele cha Shengena chenye urefu wa meta 2,462. Zikishateremka upande wa pili huwa ni pepo kavu. Kwa sababu hiyo uwanda wa Same hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, nayo hugawanyika katika misimu miwili, vuli na masika. Mahindi yanahitaji karibu kiasi hicho chote katika msimu mmoja. Mkulima wa mabondeni hawezi kuitegemea mvua peke yake. Hana budi kutegemea pia maji yanayoteremka kutoka kwa jirani yake wa juu.

Jambo hili ndilo linaloifanya Pare ya Kusini kuwa mahali pazuri pa kujifunzia elimu ya migogoro katika vikundi vya kazi. Wataalamu wengi wa somo hili wamefanya uchunguzi wao viwandani na maofisini, katika nchi zenye viwanda vingi. Lakini kikundi cha watu wanaochimba mfereji mmoja, wanaousafisha pamoja na kugawana maji yake kwa zamu, ni kikundi cha kazi kamili. Kina uongozi, kina kanuni, kina adhabu, na kina kitu cha kugombania ambacho kikikosekana wiki mbili tu mazao hunyauka.

NDIVA NA HESABU YAKE

Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima na kukingwa kwa udongo na mawe; baadhi yake siku hizi zimesakafiwa kwa saruji. Maji ya kijito huelekezwa humo usiku kucha. Asubuhi tundu la kutolea maji huzibuliwa, na maji hushuka mferejini mpaka kwenye mashamba ya wenye zamu ya siku ile. Ndiva nyingi zilianzishwa na koo fulani, na kwa muda mrefu watu wa ukoo ndio waliokuwa na sauti ya kwanza juu ya maji yake. Wengine waliingia kwa kushiriki msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuchimba, kuzibua na kutengeneza.

Kwa nini kujisumbua kujenga bwawa, na hali kijito kinatiririka mchana na usiku? Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kijito kinatoa lita 5 kwa sekunde, na mfereji wa udongo unaokwenda mpaka shamba la mwisho hunywa lita 4 kwa sekunde njiani. Mkulima wa mwisho atapata lita 1 tu, na maji hayo hayatafika hata nusu ya tuta lake. Sasa maji yaleyale yakusanywe kwenye ndiva kwa saa 12 za usiku. Sekunde 3,600 mara 12 mara lita 5 ni lita 216,000. Asubuhi yakifunguliwa kwa nguvu ya lita 30 kwa sekunde, yatatiririka kwa muda wa saa 2. Mfereji utakunywa tena lita 4 kwa sekunde, au kuzidi kidogo kwa kuwa maji mengi hulowesha kingo pana zaidi. Lakini shamba la mwisho litapokea lita 25 au 26 kwa sekunde. Katika utaratibu wa kwanza udongo umekula sehemu nne kati ya tano za maji. Katika wa pili haukufikia hata sehemu moja kati ya tano.

Msomaji ataona faida ya kilimo bila shida. Iliyofichika ni faida ya pili. Fikiria mkulima wa mwisho katika utaratibu wa kwanza. Anajua kwamba zamu ni yake, na anajua kwamba kijito hakijakauka. Anasimama na jembe lake, anaona uzi wa maji tu. Atamshuku nani? Hatawaza habari za udongo. Atamwaza mwenye shamba la juu, ambaye jana walipishana maneno kilabuni, na ambaye babu yake aliwahi kuchepusha maji. Atapanda mlimani kwa hasira, na kwa bahati mbaya huenda akamkuta mtu huyo karibu na mfereji, akiwa amekwenda kuchota maji ya ng'ombe. Kuanzia hapo hakuna atakayemweleza habari ya lita 4 akakubali.

MTU NA MPANGILIO

Mwaka 1977 Lee Ross, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alieleza tabia moja ya binadamu ambayo imethibitishwa mara nyingi tangu hapo, ingawa nguvu yake hutofautiana kati ya jamii na jamii. Tunapoeleza matendo ya mtu mwingine tunaelekea mno kutaja tabia yake, na tunaelekea kusahau hali iliyomzunguka. Mwenzetu akichelewa, ni mvivu. Sisi tukichelewa, basi liliharibika. Katika kikundi cha kazi tabia hii huzaa madhara makubwa, kwa sababu kasoro ya mpangilio hugeuzwa kuwa kasoro ya mtu. Kasoro ya mpangilio ina dawa. Kasoro ya mtu, hasa mtu ambaye ni jirani wa maisha, haina dawa ya haraka, na watu wakishaitajana hadharani si rahisi kurudi nyuma.

Haya hayaonekani mashambani tu. Walimu wawili wanaogombea mashine moja ya kunakili katika wiki ya mitihani huishia kusema kwamba mmoja ana kiburi na mwingine ana dharau. Ukweli waweza kuwa kwamba ratiba imewataka wote wawili wakamilishe karatasi zao siku moja. Mkuu wa shule akiwahamisha, wale watakaokuja watagombana vilevile.

Hii haina maana kwamba watu wabaya hawapo. Wapo wanaoiba maji usiku, tena kwa ustadi. Lakini mpangilio ukaguliwe kwanza, kwa kuwa ndio ulio rahisi kupimwa.

AINA TATU ZA MGOGORO

Mtafiti Karen Jehn alichapisha mwaka 1995 uchunguzi wa vikundi 105 katika kampuni kubwa ya usafirishaji wa mizigo. Alitenganisha mgogoro unaohusu kazi yenyewe na mgogoro unaohusu nafsi za watu. Katika wa kwanza watu hutofautiana juu ya lipi lifanywe: je, mwaka huu tusakafie ndiva au tutengeneze mfereji? Katika wa pili watu hawapendani, wanadharauliana, na kila neno lina sumu. Baadaye aliongeza aina ya tatu, mgogoro wa utaratibu: nani afanye nini, lini, na nani apime.

Kwa muda fulani ilifundishwa kwamba aina ya kwanza huleta faida na ya pili huleta hasara. Mafundisho hayo yalipendeza mno kuwa ya kweli kabisa. Mwaka 2003 Carsten De Dreu wa Uholanzi na Laurie Weingart wa Marekani walizikusanya tafiti nyingi zilizotangulia, wakaona kwamba kwa wastani hata mabishano juu ya kazi yalikwenda pamoja na matokeo hafifu. Mkusanyo mwingine uliotolewa mwaka 2012, ambao Jehn alikuwa mmoja wa waandishi wake, ulionyesha mahali penye tofauti. Mabishano juu ya kazi huweza kufaa pale yanapokaa mbali na ugomvi wa nafsi. Yakichanganyika nao hayafai kitu. Mgogoro wa utaratibu, kwa upande wake, ulionekana kuwa na madhara.

Kwa kikundi cha ndiva jambo hili ni zito. Karibu kila shauri lake ni la utaratibu. Zamu ianzie juu au chini? Zamu ya mtu aliyesafiri ipewe nani? Mjane mzee asiye na kijana wa kumtuma kwenye msaragambo ahesabiwe kuwa mtoro, atozwe faini, au asamehewe? Akisamehewa, wapo watakaojiuliza kwa nini wao wajisumbue. Akitozwa, kikundi kitakuwa kimemwadhibu kwa uzee wake. Vikundi vingine hutafuta njia ya katikati, kama kumpa kazi ya kupika au ya kuweka hesabu ya waliohudhuria. Ni kanuni ndogo, lakini isipowekwa mapema itabidi itungwe siku ya ugomvi, na kanuni iliyotungwa siku ya ugomvi hubeba jina la mtu.

Kuna na suala la saa. Maji yasipohifadhiwa zamu nyingine huangukia usiku, na si kila mtu aweza kutoka usiku peke yake kwenda kuelekeza maji shambani. Mwanamke mwenye watoto wadogo huweza kuwa na haki ya maji katika daftari, asiwe nayo shambani. Ndiva, kwa kuyaweka maji ya usiku mpaka mchana, huigeuza haki ya karatasi kuwa haki ya kweli. Hapo kitu cha kihandisi kimefanya kazi ya mpatanishi, ingawa wajenzi wake labda walikuwa wanawaza mahindi tu.

WA JUU NA WA CHINI

Mary Parker Follett, Mmarekani aliyeishi kati ya mwaka 1868 na 1933, alieleza kwamba mgogoro huweza kumalizwa kwa njia tatu. Upande mmoja waweza kuushinda mwingine. Au pande zote mbili zaweza kupunguza madai, kila mmoja akaondoka na nusu ya alichokitaka. Au pande zote zaweza kutafuta mpangilio mpya ambao ndani yake hakuna anayelazimika kuacha kitu. Hiyo ya tatu aliiita kuunganisha, na alikiri kwamba haipatikani kila mara.

Mfano wake mmoja wafaa kusomwa Pare. Wafugaji wa chama cha ushirika cha maziwa walikaribia kuvunja chama chao kwa sababu ya ubishi juu ya nani ashushe madebe kwanza. Kituo cha kupokelea maziwa kilikuwa kwenye mteremko. Waliotoka mlimani walidai kutangulia, na waliotoka bondeni wakadai vivyo hivyo. Wote walikuwa wakifikiria njia mbili tu: watangulie hawa, au watangulie wale. Ndipo mtu mmoja akauliza kwa nini jukwaa la kushushia liwe na upande mmoja. Jukwaa likahamishwa, pande zote mbili zikawa zinashusha wakati mmoja.

Katika bonde la Makanya kuna watu wa mlimani kama wa Vudee, watu wa katikati kama wa Bangalala, na watu wa uwandani wa Makanya yenyewe, karibu na barabara iendayo Tanga. Kugawana maji mchana kwa usiku, wa juu wamwagilie jua likiwapo na wa chini wajaze ndiva zao usiku, ni mpango wa aina ya tatu ya Follett, kwa sababu hakuna anayempisha mwingine kwenye mlango uleule. Lakini mpango wowote una mipaka yake. Kadiri mashamba ya juu na ya katikati yanavyoongezeka, maji ya kiangazi yanayofika Makanya yamepungua, na wakulima wa huko wamejizoeza kutegemea mafuriko: mvua kubwa inapopiga milimani, maji ya mto huelekezwa haraka mashambani yakiwa na matope yake. Hawa wa mwisho hawamo katika kikundi cha ndiva ya juu, hawaitwi kwenye msaragambo wake, wala hawapigi kura katika mkutano wake. Makubaliano mazuri kati ya wawili yaweza kulipiwa na wa tatu ambaye hakuwapo.

Je, watu waliokwisha kugawanyika waweza kuungana tena? Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Marekani, alilijaribu swali hili mwaka 1954 katika kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma. Wavulana 22 wa umri wa miaka 11 hivi waligawanywa katika vikundi viwili na kushindanishwa. Siku chache zilitosha kuleta matusi, kuchomeana bendera na kuvamiana vyumbani. Kuwakutanisha mezani hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichoanza kuwabadilisha ni maji. Watafiti waliyazuia maji ya kunywa ya kambi, na vikundi vyote viwili vikalazimika kwenda kwenye tangi na kutafuta mahali palipoziba. Ugomvi haukwisha siku ile, bali baada ya kazi kadhaa za namna hiyo ulipungua sana. Yafaa kuongeza kwamba wavulana wale hawakujua kuwa wanachunguzwa, na kamati za maadili za siku hizi zisingeliruhusu jaribio hilo kwa urahisi.

Msaragambo wa kuzibua mfereji uliofukiwa na maporomoko ni tangi la Sherif, ila haukutungwa na mtafiti. Faida yake haitokani na hotuba za umoja zinazotolewa kabla ya kazi. Inatokana na kwamba hakuna upande uwezao kuliondoa jiwe peke yake.

NANI ANAPIMA?

Historia ya Same yenyewe ina somo kubwa kuhusu utaratibu. Katika miaka ya 1940, chini ya utawala wa Waingereza, ilianzishwa katika Upare kodi iliyopangwa kwa kadiri ya mali ya mtu, ikajulikana kwa jina la mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa kwa muda mrefu wakipokezana kwa zamu. Baadaye wanawake nao waliingia katika upinzani huo. Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliiandika habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1971. Kodi ile iliondolewa kabla ya muongo ule kwisha.

Kwa mtu anayetazama juu juu, kodi ya kadiri ya mali ni ya haki zaidi kuliko kodi sawa kwa wote: tajiri hutoa zaidi, maskini hutoa kidogo. Watawala walishangaa kuona inakataliwa. Ilivyokuwa ni kwamba wenye kukadiria mali walikuwa watu wachache, na mkadiriwa hakuwa na njia ya kuaminika ya kujua amepimwa kwa kipimo gani. Kodi sawa ilikuwa na fadhila moja: kila mtu aliweza kuihesabu mwenyewe.

Uchunguzi wa baadaye unaafikiana na tukio hilo. John Thibaut na Laurens Walker, katika kitabu chao cha mwaka 1975, walionyesha kwamba watu huyapokea hata maamuzi yasiyowafaa pale walipopewa nafasi ya kueleza upande wao na walipouamini utaratibu. Elinor Ostrom naye, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza vyama vya umwagiliaji vilivyodumu kwa karne nyingi, vikiwamo vya Valencia, Hispania. Kule Valencia mahakama ya maji hukutana kila Alhamisi saa sita mchana mlangoni pa kanisa kuu. Waamuzi ni wakulima waliochaguliwa na wenzao, mashauri husemwa kwa mdomo, na hukumu hutolewa papo hapo. Ostrom aliona kwamba vyama vinavyodumu huwa na wapimaji wanaowajibika kwa watumiaji, adhabu inayoanza ndogo na kuongezeka kwa mkosaji sugu, na mahali pa karibu na rahisi pa kumalizia ugomvi.

Ndiva za Pare zina mengi ya hayo kwa mila. Ugumu wa siku hizi ni kwamba vipimo vimekuwa viwili. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iliundwa mwaka 1991, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka watumiaji wawe na vibali na inatambua jumuiya za watumia maji. Mwenye kibali husema, "Karatasi yangu hii hapa." Mwenye mila husema, "Babu yangu ndiye aliyeuchimba mfereji huu." Kila mmoja anasema kweli, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa mwongo. Jumuiya iliyosajiliwa haiumalizi ubishi huo kwa kusajiliwa kwake tu. Huweza kuumaliza pale katiba yake inapoandika waziwazi haki za waliochimba, wajibu wa waliojiunga, na sehemu ya walio chini kabisa ya mto.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuonyesha sehemu ya somo hili uwanjani kwa kipindi kimoja. Chimbeni mfereji mwembamba wa meta 5 kwenye mchanga mkavu, wenye mteremko mdogo. Wanafunzi wanne wakae kando yake kwa umbali ulio sawa, na kila mmoja afukie kikombe mferejini mbele yake, mdomo wake ukiwa sawa na sakafu ya mfereji, akakifunika kwa kibao mpaka zamu yake ifike. Mwalimu amimine lita 2 za maji polepole sana kwa kila zamu. Kabla ya kupima vikombe, kila mwanafunzi aandike kwa siri sababu ya yeye kupata kiasi alichopata, na kama anamshuku mtu amtaje kwa nambari.

Kisha jaribio lirudiwe kwenye mfereji mwingine mkavu, safari hii lita 2 zimwagwe kwa mkupuo mmoja kwa kila zamu. Pimeni vikombe, chorani jedwali la safu mbili, na hesabuni ni karatasi ngapi zilizotaja mchanga na ngapi zilizotaja mtu. Karatasi zisisomwe majina. Mchanga wa kijitoni ndio unaofaa zaidi. Udongo wa mfinyanzi hunywa maji polepole mno, na kengele italia kabla ya tofauti kuonekana.